Mshale wa Kifuniko Hauoni Ndani ya Nyama

Bila shaka umekwisha kuliona jiko la pipa. Fundi wa kuchomelea huchukua pipa la chuma, akalipasua katikati kwa urefu wake. Nusu ya chini hutiwa mkaa, na juu ya mkaa huwekwa wavu wa kuchomea nyama. Nusu ya juu hufungwa bawaba, ikawa kifuniko. Majiko haya utayakuta minadani, kwenye vituo vya mabasi, na hata katika vijiji ambako watu hufuga nguruwe na kuku wengi.

Siku hizi baadhi ya majiko haya yana kitu kingine juu ya kifuniko. Ni kitu cha mviringo chenye kioo, mfano wa saa, nacho kina mshale na namba. Kitu hicho ni kipimajoto. Mchomaji hujivunia sana kuwa nacho. Mteja akiuliza, "Je, nyama imeiva?" mchomaji humwonyesha mshale. "Tazama mwenyewe, mia na themanini!" Mteja huridhika, hulipa, na hula.

Sasa hebu tujiulize. Je, namba ile ni ya nini? Je, ni joto la nyama? Hapana. Ni joto la hewa iliyo chini ya kifuniko, tena mahali pamoja tu, pale inapofika ncha ya kile chuma cha kipimajoto. Nyama haikuguswa kabisa. Inawezekana mshale uoneshe joto kubwa sana, na katikati ya nyama bado pawe pabichi.

Wewe unajua jambo hili tangu utotoni. Umepata kuchoma muhogo au kiazi kikuu katika moto mkali. Ganda likaungua, likawa jeusi. Ulipovunja, moyo wake ulikuwa mgumu na mbichi. Moto ulikuwa mwingi, lakini joto lilikuwa halijafika ndani. Nyama nayo ni vivyo hivyo. Joto huingia polepole, kutoka nje kwenda ndani. Kadiri kipande kinavyokuwa kinene, ndivyo linavyochelewa kufika katikati.

NYAMA MBICHI INALETA NINI?

Labda utasema, "Wazee wetu walikula nyama yenye damu na hawakufa." Ni kweli wengi hawakufa. Lakini wako waliougua, na sababu ya ugonjwa wao haikujulikana. Nitaeleza ugonjwa mmoja tu kwa urefu, maana huo ndio unaoumiza watu wetu zaidi na kuzungumzwa kidogo.

Nguruwe anayezurura ovyo hula kinyesi cha watu. Kama mtu aliyejisaidia porini ana tegu tumboni, kinyesi chake kina mayai ya tegu. Mayai hayo ni madogo mno, macho hayawezi kuyaona. Nguruwe huyameza. Ndani ya mwili wake mayai huanguliwa, na wadudu huenda kukaa katika nyama yake. Huko hufanya vifuko vidogo vyenye maji. Vifuko hivyo ni vyeupe, na ndani yake pana kitu kama punje ya mchele.

Mtu akila nyama hiyo haijaiva, mdudu wa katika kifuko hushika utumbo wake na kukua. Huwa tegu mrefu, bapa kama utepe, anayeweza kufikia meta 3 au zaidi. Ajabu ni kwamba mwenye tegu mara nyingi hajisikii mgonjwa. Pengine tumbo humsokota kidogo, basi. Huenda akaona vipande vyeupe katika kinyesi chake na asijue ni nini.

Ugonjwa mbaya huja baadaye. Mtu huyu akitoka chooni bila kunawa mikono kwa sabuni, mayai ya tegu hubaki katika vidole na kucha. Akishika chakula, yeye mwenyewe huyameza. Wanawe nao huyameza. Wageni wake huyameza, hata kama hawajapata kula nyama ya nguruwe maisha yao yote. Mayai yakiingia mwilini mwa mtu hufanya vile vile kama katika nguruwe. Wadudu huenda katika misuli, na wengine huenda katika ubongo. Kifuko kikikaa katika ubongo, mtu huweza kupata kifafa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika sehemu nyingi zenye tegu huyu, kiasi cha wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wameupata ugonjwa wao kwa njia hii. Hapa Tanzania wataalamu wamemkuta tegu huyu katika wilaya kama Mbulu, Mbozi na Mbinga. Kifafa kina sababu nyingine pia, kwa hiyo tusimnyoshee kidole kila mgonjwa na kusema ana tegu. Lakini kijijini mtu akianguka kifafa, watu husema amerogwa. Hutafutwa mchawi, na udugu huvunjika. Huenda chanzo chake kilikuwa kipande cha nyama kilichotolewa motoni upesi, na mikono isiyonawiwa.

Ukiona vipande vyeupe katika kinyesi, nenda zahanati. Dawa zipo. Lakini mtu mwenye kifafa, au anayeumwa kichwa siku zote, asijinunulie dawa ya tegu dukani. Kama ana vifuko katika ubongo, baadhi ya dawa hizo huweza kumwangusha zaidi. Lazima daktari amwone kwanza.

Kuku naye ana vijidudu vyake. Vijidudu hivyo huleta homa, kutapika na kuharisha. Ugonjwa huweza kuanza siku ile ile, au baada ya siku mbili tatu, mtu akiwa amekwisha kusahau alikula nini. Mtu mzima mwenye nguvu huweza kupona bila dawa. Mtoto mdogo huishiwa maji upesi, na huweza kufa.

Tegu na vijidudu hivi vyote vinauawa na joto. Shirika la Afya Duniani linasema katikati ya nyama pafikie nyuzi 70 za Sentigredi. Kwa kuku, wataalamu wa Marekani wanataka nyuzi 74. Angalia neno hilo: katikati ya nyama. Hawakusema chini ya kifuniko.

MSHALE UNAFANYAJE KAZI?

Majiko ya mviringo yenye kifuniko yalienea kutoka Marekani. Mwaka 1952 mtu mmoja aitwaye George Stephen alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma huko Chicago. Kiwanda hicho kilitengeneza maboya, yaani yale madude ya chuma yanayoelea majini kuongoza meli. Alichukua boya, akalikata nusu mbili. Nusu ya chini ikawa jiko, na nusu ya juu ikawa kifuniko. Kwa hiyo fundi wetu wa pipa asione haya. Wazo lake na la Mmarekani yule ni moja.

Kipimajoto cha kifuniko nacho ni kitu rahisi. Ndani yake mna ukanda mwembamba uliofanywa kwa madini ya aina mbili, yamegandishwa mgongo kwa mgongo, kisha ukasokotwa kama springi. Madini yote hutanuka yakipata joto, lakini haya mawili hayatanuki sawa. Moja hutanuka zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo springi hujipinda, na ikijipinda huzungusha mshale. Likipoa, mshale hurudi.

Kifaa cha namna hii si kibaya, ila huchoka. Jiko likipigwapigwa barabarani juu ya baiskeli, springi hulegea au mshale huhama. Mvua huingia chini ya kioo. Mafuta na moshi hugandamana juu ya chuma chake mpaka kinavaa koti jeusi, na joto hukifikia kwa kuchelewa. Vingi tena ni vya bei ndogo, na hata siku vinapotoka dukani havisemi sawa. Weka viwili vya duka moja katika sufuria moja ya maji ya moto, na usishangae vikibishana.

Tuseme kifaa chako ni kizima kabisa. Bado kuna matatizo. Hewa ya moto hupanda juu, na kipimajoto kiko juu, lakini nyama iko chini juu ya wavu. Mkaa ukirundikwa upande mmoja, nyama iliyo juu ya mkaa hupata moto mkali kuliko unaosomwa, na ile iliyo upande wa pili hupata mdogo. Namba ni moja, lakini juu ya wavu kuna joto la namna nyingi. Upepo nao hupoza bati la kifuniko. Na kila unapofungua kupindua nyama, hewa ya moto hutoka yote na mshale huanguka, ingawa mkaa unawaka vile vile.

Unaweza kuona jambo hili kwa macho yako bila kifaa chochote. Siku huna wateja, washa jiko kama kawaida. Panga vipande vya mkate juu ya wavu mzima, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Funika kwa dakika chache, kisha ufungue. Vipande vingine vitakuwa vimeungua, vingine vina rangi nzuri, na vingine ni vyeupe kama vilivyotoka dukani. Hapo utakuwa umejua tabia ya jiko lako kuliko mshale unavyoijua.

C NA F

Jambo jingine limewapoteza wengi. Tazama uso wa kipimajoto chako. Karibu na namba kuna herufi ndogo, C au F. C ni Sentigredi, kipimo tunachotumia sisi. F ni Farenhaiti, kipimo wanachotumia Wamarekani. Vipimo hivi haviko sawa hata kidogo. Maji ya pwani huchemka kwenye 100 ya C, ambayo ni 212 ya F. Nyuzi 70 za C ni 158 za F, na nyuzi 74 za C ni 165 za F.

Sasa mrudie yule mchomaji wetu anayesema, "Mia na themanini!" Kama kipimajoto chake ni cha C, basi hewa ya jikoni ni ya moto sana. Kama ni cha F, hiyo 180 ni nyuzi 82 tu za Sentigredi. Hayo si maji yanayochemka hata! Mkaa wake unakaribia kufa, na kuku wake anapashwa tu. Vingine vina duara mbili za namba, C na F pamoja. Jifunze ipi ni ipi kabla ya kumwambia mtu kitu.

KUKIPIMA KIPIMAJOTO

Njia ya kukijaribu ni rahisi, tena haina gharama. Jiko likiwa limepoa, fungua nati iliyo ndani ya kifuniko ukitoe kipimajoto. Sugua chuma chake kwa majivu mpaka king'ae. Chemsha maji katika sufuria mpaka yatokote kwa nguvu. Shika kipimajoto kwa kitambaa kizito au koleo, uzamishe chuma chake tu, kisiguse chini ya sufuria. Uso wa kioo usizame. Ngoja dakika 2 au 3, kisha usome.

Kama uko Tanga au Dar es Salaam, mshale unapaswa kusimama kwenye 100. Lakini kama uko mlimani, usikilaumu kifaa bure. Mlimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Kila ukipanda meta 300 hivi, hupungua kama uzi mmoja. Mjini Dodoma, ambako ni kiasi cha meta 1,100 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Mjini Mbeya, kiasi cha meta 1,700, huchemka karibu na 94. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva huko juu.

Ukiona kipimajoto chako kinasema 110 mahali ambapo maji huchemka kwa 96, basi kinazidisha nyuzi 14. Andika kwa rangi pembeni ya kioo: "Toa 14." Namba hiyo si kamili kwa moto mkubwa zaidi, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Kama mshale hausogei kabisa, au umekwama hata kifaa kikipoa, kitupe.

Je, basi kipimajoto cha kifuniko hakina kazi? Mimi sisemi hivyo. Kinamwambia mchomaji kama moto unapanda au unashuka bila kufungua kifuniko. Akizoea kwamba mshale ukisimama mahali fulani jiko lake huchoma vizuri, atautafuta mshale huo kila siku. Hiyo ni faida. Kosa ni kukiuliza habari za nyama, wakati chenyewe hakijui.

KIPIMAJOTO CHA KUCHOMA NDANI YA NYAMA

Kipo kipimajoto kingine chenye chuma chembamba kama msumari mrefu, nacho huchomwa ndani ya nyama yenyewe. Hicho ndicho kinachosema kweli, kama kikitumiwa sawasawa. Kichome kutoka ubavuni mwa kipande, ncha ifike katikati ya sehemu nene. Kwa kuku, kichome katika paja, pale penye nyama nyingi. Ncha isiguse mfupa, kwa kuwa mfupa na nyama havina joto moja. Ngoja mpaka mshale au namba itulie. Pima vipande vizito, hasa vile vilivyokuwa upande wa baridi wa jiko, usipime kile kidogo kilichokuwa juu ya mkaa. Ukikitoa, kioshe kwa maji ya moto na sabuni. Ukichoma nyama mbichi kisha iliyoiva bila kuosha, umebeba vijidudu kwa mkono wako mwenyewe.

Wachomaji wa mnada mmoja wanaweza kuchanga na kununua kimoja, wakapokezana. Lakini tafadhali, mtu asije zahanati kuazima kile cha kupimia wagonjwa homa! Hicho mwisho wake ni nyuzi 42 au zaidi kidogo. Ukikichoma katika kuku wa moto, kitaharibika. Na kama ni kile cha zamani cha kioo chenye zebaki, kitapasuka na kumwaga sumu katika chakula.

KAMA HUNA KIFAA CHOCHOTE

Wengi wetu hatuna, wala hatutanunua kesho. Basi tufanye hivi. Nyama ya nguruwe ikatwe vipande visivyozidi unene wa vidole viwili. Ichemshwe kwanza katika maji yanayotokota, mpaka katikati pawe pameiva kabisa, kisha iende motoni kupata rangi na harufu. Wachomaji wengi wanafanya hivyo tayari kwa sababu nyama inalainika na kuchoma kunakuwa kwepesi. Hata huko Mbeya kwenye nyuzi 94, maji yanayochemka yana joto zaidi ya linalotakiwa. Kuku naye apasuliwe vipande, asichomwe mzima.

Ukiwa wewe ndiye mteja, pasua kipande kinene kabla ya kula. Kwa kuku, fika mpaka kwenye mfupa. Ukiona nyama inateleza, au ina wekundu, au inang'ang'ania mfupa, rudisha motoni. Rangi peke yake si shahidi mzuri sana, maana nyama huweza kugeuka rangi kabla joto halijatosha. Lakini nyama inayoonekana mbichi, hiyo usibishane nayo, hata mshale wa kifuniko useme nini.

Kuna nyama ambazo moto hauzitibu. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla mwenyewe huenda alikuwa na kimeta, na mbegu za vijidudu vya kimeta hustahimili joto la jiko. Huyo asichunwe wala asiguswe. Mwite bwana mifugo. Nguruwe aliyechinjwa naye akaguliwe kabla ya kuuzwa. Mkaguzi akiona vile vifuko vyeupe, nyama hiyo isiliwe, hata kama mwenye nguruwe analia hasara.

Fundi wa pipa, nawe una neno lako. Pipa lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba au kahawa lisifanywe jiko kamwe, hata likichomwa moto siku nzima.

Na sinia lililoleta nyama mbichi lisirudi kupokea nyama iliyoiva. Mchomaji awe na masinia mawili na visu viwili, na ndoo ya maji yenye sabuni karibu na jiko. Kama sinia ni moja tu, lioshwe wakati nyama ingali juu ya wavu.